Nesi wa Mama, Kando ya Mto

Nikiwaambia watu kazini kwamba nimewahi kuvua viatu na kutia miguu mtoni, jangwani, katikati ya Januari, wanadhani naongeza chumvi. Januari ya London wanaijua wote: koti, skafu, na kungoja basi pale Thamesmead mpaka pua inakufa ganzi. Lakini nilikwenda, wallahi. Mpaka leo nikisinzia kwenye treni nikitoka shifti, naliona lile jangwa likipita dirishani, na huwa sitaki kituo changu kifike.

Sikwenda kutembea. Nilifuata radhi ya mamangu, na nilijua kwamba nisipoifuata mwaka ule sitaikuta tena.

Kwetu Mombasa mama hakati simu hivi hivi. Hukuombea dua kwanza, halafu husema, "Haya mwanangu, radhi zangu unazo." Mamangu aliyasema maneno hayo kila simu, hata simu ya kuuliza tu kama kumenyesha. Nilikuwa nimeyazoea mno, nikawa siyasikii tena.

Babangu alipofariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Ningetoka Uingereza nisingerudi. Kakangu ndiye aliyenipigia jioni kunipa habari, kisha mama akaja kwenye simu na kuniuliza neno moja: "Unakuja?" Nikasema, "Inshallah, mama, nakuja." Na nilijua siendi! Nilijua kabisa kwamba mguu wangu hautoki Thamesmead. Lakini sisi ndivyo tulivyo, mbele ya mzazi hapana haitoki mdomoni. Tunaifunika kwa inshallah, tukamwachia Mungu kazi ya kukataa.

Tangu siku ile mama hakunitamkia radhi. Hakunigombeza wala hakuninunia. Alipokea simu, akauliza kama nimekula, akakata. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya kumi nikajua. Mwanamke mzima mimi, najulikana kwa mdomo mkali kutoka Abbey Wood hadi Ilford, nikawa nalia bafuni kwa sababu mama amekata simu mapema.

Miaka kumi na moja ikaenda hivyo. Kakangu huyohuyo akahamia Marekani kuendesha malori, kisha akamchukua mama akakae naye Arizona. Karatasi zangu zikatoka. Nikasema nangoja likizo, kisha nikasema nangoja pasi, kisha nikasema nangoja hali itengemae. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa. Mpaka siku moja kaka akanipigia akasema, "Bibi wa London, mama ameniita kwa jina la mjomba mara tatu wiki hii. Kama una la kumwambia, njoo umwambie." Nikakata tikiti kabla chai yangu haijapoa.

Nilifika kwa kaka usiku, mama ameshalala. Kaka alinichukua uwanja wa ndege, tumbo limetangulia, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye buti zangu za baridi akacheka. "Umekuja kuwinda dubu?" Nilimkumbatia nikamwambia anyamaze, nimechoka. Nilipita kwenye mlango wa chumba cha mama nikausikiliza tu usingizi wake. Nilikuwa nimepanga kila neno. Asubuhi ningepiga magoti, ningembusu mkono, ningesema, mama, niwie radhi.

Asubuhi mambo yakawa mengine. Niliamka kwa sauti ya mama akiita, nikamkuta amejilowesha kitandani, anatetemeka kwa aibu na baridi. Kaka alikuwa amesimama mlangoni kama nguzo, hajui ashike wapi. Sasa nieleweni. Kazi yangu London ni ya kea, nazunguka majumbani mwa wazee kuwaogesha, kuwavisha na kuwapa dawa. Nikiona shuka limelowa, mikono yangu huanza kabla yangu. Mfukoni mwa koti nililojitupia begani mlikuwa na glavu, maana koti langu halikosi glavu. Nikavaa. Na sauti yangu ya kazi, ile changamfu tunayofundishwa, ikatoka yenyewe: "Habari za asubuhi, bibi! Sasa nitakuinua mkono huu. Sasa nitafuta mgongo, maji ni ya vuguvugu, usiogope."

Bibi! Nilimwita mamangu bibi, kama mteja.

Alitulia. Aliniacha nimwogeshe, nimvishe, nimfunge leso. Nilipomaliza akanishika glavu akasema, "Ahsante sana, nesi. Mungu akulipe. Na Kiswahili umejifunza wapi?"

Nikavua glavu mbio. "Mama, ni mimi. Mimi mwanao. Nimetoka London."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayemstahi mgeni mwenye utani. "Mwanangu yuko London kweli. Unamjua?"

Kaka akanivuta jikoni. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ningeingia nikilia kama binti, labda angenijua. Niliingia kama mfanyakazi, naye akanipokea kama mfanyakazi. "Umejitakia," kaka alisema, halafu akanipa chai, maana ana roho nzuri.

Safari ya mtoni ilikuwa wazo lake. Nyumbani mama hatulii, aliniambia. Huzunguka chumba hadi chumba akitafuta mlango wa nyumba yetu ya Mombasa, na akifungua akakuta jikoni, hulia. Lakini ukimtia kwenye gari hatafuti kitu. "Anajua anapelekwa," kaka alisema. Kwa hiyo alikuwa ameazima kwa jirani yake mstaafu gari la kulala, nyumba nzima juu ya magurudumu. Lilikuwa na kitanda nyuma, kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva, jiko, friji, na choo ambacho ukigeuka unagonga kiwiko. Tungekwenda magharibi mpaka mto wa Kolorado, mahali ambapo wazee wa majimbo ya baridi huhamia na magari yao msimu mzima.

Basi tukaenda. Siikumbuki njia vizuri, na hilo halinisikitishi. Mwili wangu ulikuwa bado London, unalala mchana na kuamka kwa saa zake, na kila nilipofumbua macho kulikuwa na nchi ile ile ya rangi ya biskuti, milima mikavu kwa mbali, na anga pana mno. Pembeni ilisimama ile mimea ya miiba ya kule, mirefu kumshinda mtu, imeinua mikono. Mama alikaa dirishani na leso yake. Kila alipouona mmoja, aliinua mkono na yeye. "Aleikum salaam," aliuambia. "Aleikum salaam." Mwanzo nilicheka. Baada ya saa moja nikaanza kuona ni jambo la heshima, maana wamesimama juani siku zote na hakuna anayewaitikia.

Tulifika alasiri. Mahali penyewe si hoteli na si kijiji. Magari ya kulala yamejipanga kando ya mto chini ya mitende iliyopandwa kwa mstari, kila moja na kizulia chake, viti vyake, na mbwa wake mdogo aliyevishwa sweta. Jangwa linakuja mpaka ukingoni kabisa, kisha ghafla kuna maji, ya kijani na baridi, yanapita kimya bila haraka. Ng'ambo kuna mlima mtupu. Jua likishuka, mlima unakuwa waridi, halafu zambarau, na wazee wote wanaacha wanachofanya wanatazama. Hakuna anayesema kitu. Siku ya kwanza nilidhani kuna msiba.

Siku zikaanza kuchanganyika. Asubuhi ukungu mwembamba ulikaa juu ya maji na bata wakapita ndani yake. Nilimwogesha mama katika bafu lile finyu, nikamtoa juani, nikamsuka. Kaka alilala kwenye kiti na kofia usoni. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe fupi, alituletea mabalungi kwenye ndoo, akamwita mama malkia. Mama alikula balungi kwa sukari na kuuliza, "Tumeshafika?" Kaka akajibu, "Tuko njiani, mama," na jibu hilo lilimridhisha kila mara.

Mimi nilikuwa nesi. Nilijaribu, jamani. Nilimwonyesha picha. Nilimtajia watu wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Mara moja nilikaza sauti nikamwambia, "Nitazame usoni, mama!" akaogopa, akamwita kaka amtoe yule mtu. Usiku ule sikula. Kaka akasema niache, nisimtie mzee hofu kwa ajili ya haja yangu. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki.

Kwa hiyo nikaacha. Nikajikaza nikawa nesi kweli, na ajabu ni kwamba nesi alipendwa. Mama alimtania. "Nesi ana mikono baridi, mumewe ana kazi." "Nesi, kula, umekonda kama ufagio." Siku moja aliniuliza tena nani kanifunza Kiswahili. Nikasema mamangu. Akanitazama ninavyokunja leso akasema, "Amekufunza vizuri. Ila una haraka." Ni kweli nina haraka. Kazini napewa nusu saa kwa kila mzee, na hata pale jangwani, ambapo hakuna aliyekuwa akiningoja, nilikuwa nikimvisha mama soksi kana kwamba mzee mwingine ananingoja nyumba ya pili. Nikaanza kwenda polepole. Kidole kimoja, kisha kingine. Mto ulipita, na mimi nikiwa na mguu wa mamangu mapajani sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilikuwa na furaha, naona nilitaje hilo pia, ingawa sikuwa nimepata nilichokifuata na zilibaki siku tatu.

Ilikuwa alasiri moja kati ya hizo za mwisho. Kaka alikwenda kujaza mtungi wa gesi. Mama amekaa ndani kwenye kiti karibu na mlango, jua linamfika magotini, nami nampaka mafuta miguuni. Bila kuulizwa akasema, "Nesi, nina mwanangu London."

"Ndiyo, bibi," nikasema. Sikuinua kichwa.

"Babake alipokufa alisema anakuja."

Nikachota mafuta mengine.

"Nikawaambia wanaume wangojeni, mwanangu yuko njiani. Maiti alikuwa tayari tangu adhuhuri ya siku ya pili, ameshaoshwa, ameshakafiniwa. Shemeji akanijia mara ya kwanza, nikasema bado. Akanijia mara ya pili. Imamu mwenyewe akatuma mtu aniambie maiti hacheleweshwi. Nikasema mwanangu hasemi uongo. Wakasimama juani, nesi. Wanaume wazima wamesimama juani kwa neno langu, mpaka alasiri ikapita. Mwisho wakambeba, wala hawakuniuliza tena."

Jamani. Miaka kumi na moja nilidhani kosa langu ni kutokwenda. Kutokwenda mama angekuelewa, si mtu mwenye akili? Kumbe alinisimamia mbele ya watu, akabaki na aibu peke yake mlangoni, kwa inshallah yangu. Na hakuwahi kuniambia. Kaka naye hakuwahi kuniambia. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Nikasema kwa sauti ya nesi, maana ndiyo pekee iliyokuwa imebaki, "Huyo mwanao, bibi, naonana naye London. Ukitaka nitampelekea radhi yako."

Mama akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu. "Radhi haibebwi na mtu," alisema. "Si kifurushi. Mwambie aje mwenyewe."

Nikafunika chupa ya mafuta. Nje watu walikuwa wanaitana, mbwa wakabweka, maji yakapita. Halafu nikainuka. Nikamfunika mama miguu. Nikashuka ngazi, nikafunga mlango nyuma yangu.

Chini ya gari kuna sehemu za kuwekea mizigo. Nikafungua, nikatoa sanduku langu. Nikafungua zipu palepale mchangani nikachimba mpaka nikapata buibui langu, nikalivaa juu ya suruali ya kazi. Nikanawa mikono bombani mpaka harufu ya mafuta ikatoka. Yule bibi wa mabalungi aliniona na sanduku akaja na huzuni, akaniuliza kama naondoka. Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza nafika. Akaitikia kwa kichwa taratibu, mtu wa watu, asielewe lolote.

Nikatembea na sanduku mpaka ukingoni mwa mto, ili niwe nimetoka mahali. Moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko siku ya mahojiano yangu ya karatasi. Kisha nikageuka nikarudi, magurudumu ya sanduku yakinasa mchangani, nikasimama chini ya ngazi.

"Hodi!"

Nikagonga ukuta wa gari.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu," sauti ya mama ilisema. "Nani?"

"Mimi, mama. Mimi wa London. Nimekuja."

Nikafungua mlango. Alikuwa amekaa wima. Aliniangalia uso, akaangalia sanduku, akaangalia vumbi kwenye pindo la buibui. Akarudi usoni.

"Wanaume walichoka kungoja," alisema.

"Najua, mama." Nilipiga magoti pale pale mlangoni, ngazi inaniumiza. "Nilikudanganya. Nilijua siwezi kuja, nikakwambia inshallah."

"Kwa nini?"

Miaka kumi na moja nilikuwa na majibu ya swali hilo. Ya karatasi, ya sheria, ya wakili. Hakuna hata moja lililokuja. "Niliogopa kukusikia ukilia," nikasema.

Mama alifikiri. Alifikiri sana, mpaka nikaogopa amesahau swali. "Ningelia," alisema, "halafu ningenyamaza."

Akaninyooshea mkono. Nikaubusu, mbele na nyuma. Akaniwekea ule mwingine kichwani, mzito, akasoma dua yake chini kwa chini, nikasikia mwishoni akisema ameniridhia, duniani na akhera. Halafu akanigonga begani kama anayemkumbusha mtoto kazi. "Weka sanduku ndani. Watu wote walimlilia babako, wewe bado. Haya. Mlilie."

Nikamlilia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, ambacho Thamesmead nisingeweza kukitoa kwa sababu ya kuta nyembamba. Mama alinishika kichwa mapajani akaniambia pole, pole mwanangu, kama anayempokea mfiwa. Kaka alirudi na mtungi wake wa gesi, akatukuta hivyo, akakaa chini kwenye ngazi. Nilimsikia naye akivuta makamasi. Tukakaa watatu, na mlima ng'ambo ukageuka waridi, na sidhani hata mmoja wetu aliutazama.

Asubuhi yake niliamka mapema, ukungu uko mtoni, nikaenda kumvisha. Aliniamkia vizuri. "Nesi," alisema, "mamako yu hai?"

Kitu kilinichoma, sikatai. Lakini nilimwambia, "Yu hai, bibi. Jana nilikwenda kwake, akanipokea."

"Alhamdulillahi," alisema mama, akanipa mkono wa pili nimvishe sweta.